Biogesi Haitoki au Haiwaki: Tafuta Kosa Kuanzia Jikoni, Siyo Shimoni

Malalamiko yanayowafikia mafundi wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi, hayabadiliki sana. Gesi ilikuwa ya kutosha, sasa chungu hakichemki. Moto umekuwa wa njano. Mtambo mpya umejaa na bado kiberiti kinazimika juu ya jiko. Na karibu kila anayelalamika ameshachukua hatua moja kabla ya kuuliza: ameongeza kinyesi. Gesi ikipungua, mkono unakimbilia ndoo. Hapo ndipo tatizo dogo la mpira uliotoboka hugeuka kuwa mtambo uliochacha, kwa sababu bakteria waliokuwa wazima wamemiminiwa chakula wasichokimudu.

Kwa hiyo hapa tunafuata njia ya gesi kinyumenyume: jiko, mpira, mtego wa maji (unaokusanya maji ya ndani ya bomba), koki kuu, kuba linalohifadhi gesi, na mwisho kabisa tope, yaani kinyesi kilichochanganywa na maji. Mtambo unaozungumziwa ni wa nyumbani, uwe wa kuba lililojengwa ardhini, wa pipa linaloelea au wa mfuko wa plastiki. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia.

Kabla hujagusa kitu

Biogesi ni methani kwa asilimia 50 hadi 70. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidioksidi, pamoja na mvuke wa maji na hidrojeni salfaidi kidogo, ile yenye harufu ya mayai viza. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 huweza kulipuka. Hidrojeni salfaidi nayo ni sumu yenye hila: ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni hufisha pua, na mtu hudhani harufu imekwisha wakati hatari ndiyo inaongezeka.

Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Tumia maji ya sabuni. Usijaribu gesi kwa kuiwasha kwenye mdomo wa bomba linalotoka kwenye kuba, jaribu jikoni tu. Ukisikia harufu ndani ya nyumba, funga koki kuu, fungua milango na madirisha, zima kila moto, na usiguse swichi yoyote ya umeme, si ya kuwasha wala ya kuzima.

Na usiingie ndani ya mtambo. Usiingize hata kichwa. Mtambo uliomwagwa na kukaa wazi bado unaweza kuwa na gesi chini na kukosa oksijeni. Mara nyingi anayefuata kumwokoa wa kwanza huanguka juu yake. Kazi yoyote ya ndani ni ya fundi mwenye vifaa vya kupuliza hewa, kamba ya kumvutia na watu wa kumsimamia wakiwa nje.

Dalili: mtambo ni mpya, presha ipo, lakini gesi haiwaki

Sababu ya kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee, ni kwamba gesi ya mwanzo si methani ya kutosha. Katika siku za kwanza mtambo hutoa kabonidioksidi kwa wingi, na hewa iliyokuwamo wakati wa kujaza bado imo. Acha gesi hiyo itoke yote nje, mbali na moto na nyumba, kisha funga koki na usubiri ijae tena. Wakati mwingine hulazimika kufanya hivyo mara mbili au tatu. Panapokuwa na joto, moto wa kweli hupatikana baada ya wiki mbili hadi nne. Penye baridi, miezi miwili si ajabu.

Ikiwa muda huo umepita, chunguza ulichoanzia. Mtambo hujazwa mara ya kwanza kwa kinyesi cha ng'ombe kwa sababu bakteria wanaotengeneza methani wamo tayari tumboni mwake. Aliyeanza na mabaki ya jikoni matupu hana mbegu. Dawa yake ni ndoo kadhaa za tope kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi vizuri, au kinyesi kibichi cha ng'ombe, kisha subira bila kulisha.

Kuna pia aliyeanza kulisha kila siku kabla moto haujawaka. Aache. Mtambo mpya haulishwi mpaka uwake.

Na kagua jiko. Jiko la gesi ya mtungi lililounganishwa bila kubadilishwa huweza kukataa kuwaka hata gesi ikiwa nzuri, maana tundu la nozeli yake, pale gesi inapotokea kuingia jikoni, ni jembamba mno kwa biogesi, ambayo ina nguvu ndogo zaidi na hutoka kwa presha ndogo. Nunua jiko la biogesi. Kutoboa nozeli kwa msumari, kama wengine wanavyoshauriana, humpa mtu moto mchafu asioweza kuurekebisha.

Dalili: gesi ilikuwapo, sasa imepungua

Swali la kwanza ni hili: gesi haitengenezwi, au inatengenezwa na haifiki? Geji ya presha, hata ile ya bomba la plastiki lililopindwa kama herufi U na kutiwa maji, hujibu. Presha ikiwa juu na moto ukiwa dhaifu, kuna kizuizi kati ya geji na jiko. Nenda kwenye sehemu ya moto hapo chini. Presha ikiwa chini, ama gesi inavuja ama ni kidogo tangu shimoni.

Kutofautisha hayo mawili hakuhitaji fundi. Jioni, baada ya kupika, funga koki za jiko na koki kuu iliyo karibu na kuba, huku bomba likiwa na presha. Andika kipimo cha geji, ikiwa geji iko upande wa jikoni. Asubuhi soma tena kabla ya kufungua chochote. Kipimo kikishuka kidogo sana, ni ubaridi wa usiku. Kikishuka hadi karibu na sifuri, bomba linavuja na shimo halina kosa. Kikibaki palepale, bomba ni zima na uchunguzi unahamia upande wa pili wa koki.

*Uvujaji wa bomba na viungo.* Ndiyo sababu inayoongoza. Paka maji ya sabuni yenye povu kwenye kila kiungo, koki, klipu ya mpira na mtego wa maji. Panapovuja patatoa mapovu. Mpira wa jikoni huchanika pale unapovikwa kwenye jiko, kwa hiyo anzia hapo. Mpira uliopasuka unakatwa au kubadilishwa, haufungwi kitambaa. Kiungo cha skrubu kinafunguliwa, kinasafishwa na kuzungushiwa upya tepu nyeupe ya mafundi bomba. Usisahau mtego wa maji: ule unaotegemea maji kuzuia gesi, maji yakikauka gesi yote hupitia humo, na mtu huhangaika na mtambo wiki nzima kumbe palihitajika kikombe cha maji.

*Chakula kimepungua au maji yamezidi.* Kilo 1 ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 35 hadi 40 za gesi, na jiko la kichwa kimoja hula lita 200 hadi 450 kwa saa kutegemea ukubwa wake. Kilo 20 kwa siku, basi, ni saa mbili au tatu hivi za moto. Anayelisha kilo 10 na kutarajia kupika mara tatu hana hitilafu. Ana hesabu isiyokubali. Pima ndoo yako kwa mizani walau mara moja. Uwiano wa kawaida ni kinyesi kwa maji, moja kwa moja. Anayeosha banda na kuelekeza maji yote mtamboni hupunguza chakula na pia husukuma nje bakteria kabla hawajamaliza kazi.

*Baridi.* Bakteria wa mitambo hii hupenda kiasi cha nyuzi 35 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 hufanya kazi kivivu, na chini ya 10 karibu wanasimama. Msimu wa baridi punguza chakula badala ya kukiongeza, maana kisichomeng'enywa hugeuka asidi. Changanya kinyesi kwa maji yaliyoanikwa juani, na funika juu ya kuba kwa majani makavu au udongo zaidi.

*Ukoko juu ya tope.* Majani, nyasi za malazi ya mifugo na makapi huelea, hukauka na kufunga juu ya tope, gesi ikabaki chini yake. Dalili yake ni geji inayopanda kwa kurukaruka na tope la kutokea lililo jepesi kuliko kawaida. Koroga kwa mti mrefu kupitia bomba la kuingizia kila siku kwa wiki moja. Kwenye pipa linaloelea, lizungushe pipa lenyewe. Ukoko uliokomaa hauvunjiki kwa mti. Hutolewa kwa kufungua mtambo, na hapo kazi si yako tena.

*Sumu.* Uliza nini kimeingia wiki mbili zilizopita: maji yenye sabuni nyingi, dawa ya kuua wadudu wa chooni, dawa ya kuogeshea mifugo, kinyesi cha mnyama aliyepewa antibayotiki. Zuia chanzo, na kinyesi cha mnyama anayetibiwa kitupwe kwenye lundo la mboji mpaka siku kadhaa baada ya dozi kuisha. Mtambo mkubwa hujirekebisha wenyewe. Mdogo utahitaji mbegu mpya.

*Ufa kwenye kuba.* Hii hutajwa sana na hutokea mara chache. Namna ya kuithibitisha: usitumie gesi siku moja au mbili, koki kuu ikiwa imefungwa, na utazame tope kwenye chemba ya kutokea. Gesi ikijikusanya husukuma tope, nalo hupanda. Likipanda hadi kimo fulani na kukwama hapohapo kila mara, bila gesi kububujika kwenye chemba, yawezekana ufa uko ubavuni: tope ndani likishuka chini ya ufa, gesi hupata mlango. Lisipopanda kabisa wakati mtambo unalishwa vizuri, shuku juu ya kuba au mfuniko wake. Mfuniko unaozibwa kwa udongo wa mfinyanzi lazima uwe na maji juu yake daima. Yakikauka udongo hupasuka. Maji hayo unaweza kuyaongeza mwenyewe, na mapovu ndani yake yatakuonyesha kama unavuja. Ufa wa kuba lenyewe ni wa fundi.

*Mchanga.* Baada ya miaka, mchanga na mawe hujaza sakafu ya mtambo na nafasi ya tope hupungua. Kwa mtambo mpya kiasi, hii si sababu.

Dalili: mtambo umechacha

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa ndiyo hitilafu inayotengenezwa na mwenye mtambo mwenyewe. Kuna makundi ya bakteria yanayofanya kazi kwa zamu. La kwanza huvunja chakula na kutoa asidi. La mwisho hula asidi hizo na kutoa methani. Kundi la kwanza huzaliana haraka na halichagui. La mwisho ni la polepole na huumia asidi ikizidi. Ukimwaga chakula kingi kwa mkupuo, hasa kile laini chenye wanga na sukari kutoka jikoni, asidi hutengenezwa upesi kuliko inavyoliwa, wale wa methani wanadhoofika, asidi inazidi, nao wanazidi kudhoofika.

Utaitambua hivi: gesi ipo, pengine nyingi, lakini moto unazimikazimika kwa sababu kabonidioksidi imezidi. Tope linalotoka linanuka uchachu mkali, linavutia inzi na lina vipande ambavyo bado unavitambua. Tope lenye afya halinuki sana. Karatasi ya kupimia pH (kipimo cha uchachu: kikishuka, asidi imezidi), ambayo ni rahisi na kila mwenye mtambo anapaswa kuwa nayo, itasoma chini ya 6.5. Kawaida ni kati ya 6.8 na 7.5.

Kwanza, acha kulisha. Kabisa, hata kama watu wa nyumbani watalalamika. Koroga kidogo kila siku na pima pH ya tope linalotoka. Kwa mtambo uliochacha kidogo, wiki moja hadi mbili zinatosha. Pili, ongeza ndoo za tope kutoka mtambo unaofanya kazi vizuri, au kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichochujwa. Tatu, ikiwa pH haipandi, tumia chokaa iliyozimwa, ikakorogwa kwenye maji mengi, kwa vipimo vidogo, ukipima tena siku inayofuata kabla ya kuongeza. Watu hupenda kuanzia na hatua hii ya tatu kwa kuwa inaonekana kama dawa. Chokaa nyingi kwa mara moja hurusha pH kupita kiasi na huua waliobaki, na pia hunyonya kabonidioksidi ghafla hadi presha ikashuka.

pH ikifika 6.8 na moto ukiwaka wenyewe bila kuzimika, anza na robo ya chakula cha kawaida, na upande taratibu kwa wiki kadhaa. Mabaki ya jikoni yakatwe vipande vidogo, yachanganywe na kinyesi, na yasizidi uwezo wa mtambo siku ya sherehe. Mafuta mengi, chumvi nyingi na lundo la maganda ya machungwa au ndimu viende kwenye mboji.

Kuna kisa cha kinyume, cha kinyesi kingi cha kuku. Huko kinachozidi ni amonia, pH huwa juu ya 8 na harufu huchoma pua. Hapo chokaa ni kosa kubwa. Ongeza maji, punguza kinyesi cha kuku, na changanya cha ng'ombe.

Kama mtambo umekaa zaidi ya mwezi bila kulishwa na pH bado iko chini ya 6, ita fundi. Huenda ukalazimika kumwagwa kwa sehemu na kuanzishwa upya.

Dalili: moto haupendezi

Moto mzuri ni wa buluu na umekaa juu ya matundu ya jiko.

Moto wa njano na masizi chini ya sufuria: hewa haitoshi. Fungua zaidi pete ya tundu la hewa karibu na nozeli, na usafishe matundu ya jiko, ambayo huzibwa na vyakula vilivyomwagika. Usiuzoee moto huu. Moto usiopata hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua, na jiko lolote linahitaji dirisha au tundu la kupitisha hewa.

Moto unaoruka juu na kujitenga na jiko, kisha kuzimika: hewa imezidi, au presha ni kubwa. Punguza pete, kisha punguza koki.

Moto unaopigapiga, ukipanda na kushuka: maji kwenye bomba, takriban kila mara. Mvuke wa biogesi hupoa ndani ya bomba na kuwa maji. Fungua mtego wa maji uyatoe. Yakirudi baada ya siku chache, bomba limelegea mahali fulani likafanya bonde. Liinue ili literemke mfululizo kuelekea mtegoni.

Presha juu lakini moto mdogo: nozeli imeziba, au mpira umekunjika nyuma ya jiko. Zibua kwa waya laini bila kupanua tundu.

Moto mkali mwanzoni kisha unafifia kadiri unavyopika: kwa mtambo wa kuba lililojengwa, hiyo ni tabia yake. Presha hushuka gesi inapotumika. Hakuna cha kutengeneza.

Moto unaorudi ndani ya jiko kwa mlio wa "pu": funga koki mara moja. Ikiwa ni jiko chafu, lisafishe. Ikiwa geji inasoma chini ya sifuri, yaani mtambo unavuta badala ya kusukuma, usiwashe tena chochote na ita fundi, kwa sababu huenda hewa imeingia ndani.

Dalili: tope halitoki, au linarudi ulikolimwagia

Ni kuziba kwa bomba la kuingizia, mara nyingi kwa nyasi. Sukuma kwa mti mrefu. Ikiwa si hilo, njia ya kutokea imezibwa na tope lililokauka. Livunje na ulilainishe kwa maji. Usichote tope jingi kwa mkupuo huku mtambo umefungwa: nafasi ya gesi hupanuka, presha hugeuka kuwa ya kuvuta, na hewa huingia kupitia popote ilipopata upenyo. Kumwaga mtambo mzima ni kazi ya fundi.

Ukiona gesi ikibubujika kwenye chemba, hiyo ni ziada. Ichome kwa kuchemsha maji badala ya kuiachia hewani. Methani huzidi kabonidioksidi mara nyingi katika kuongeza joto la dunia.

Dalili: harufu ya mayai viza na kutu jikoni

Harufu ikiwa kabla ya kuwasha tu, na kidogo, ni ya kawaida. Ikibaki wakati moto unawaka, gesi haiungui yote au inavuja. Koki na nozeli zikiliwa upesi, weka kichujio kwenye bomba: chombo kisichopitisha hewa kilichojazwa nyuzi za chuma zilizoshika kutu. Kutu hiyo hunasa salfa. Zikishakuwa nyeusi, zibadilishe, na uzitoe nje kwenye eneo la wazi kwa kuwa hupata joto zinapokutana na hewa.

Mfuko na pipa

Mfuko uliotuna na moto dhaifu unahitaji presha: ukandamize kwa uzito mpana usio na ncha. Uliolegea ghafla umetobolewa. Paka sabuni, kausha, kisha ubandike kipande cha plastiki ya aina ileile kwa gundi yake, na uujengee kivuli, maana jua huudhoofisha. Pipa lililokwama limeshikwa na tope kavu pembeni au na kutu ya mhimili wake. Lizungushe kwa mikono miwili, usilipige nyundo.

Ukimpigia fundi

Atakuuliza mambo ambayo ni vizuri yawe yameandikwa: aina ya mtambo na ukubwa wake, kipimo cha geji jioni na asubuhi, pH ya tope, kilo za chakula na lita za maji kwa siku, rangi ya moto, na chochote kipya kilichoingia mtamboni hivi karibuni. Akikuambia ataingia kwenye mtambo peke yake, bila kamba na bila kupuliza hewa, tafuta fundi mwingine.